Nyongeza ya Vidole Viwili

Mimi hushona. Shule zote mbili ni wateja wangu,
ya Magomeni na ile ya nyuma ya soko,
basi kabla sijasoma bango la mtu
nilikuwa nimeshazijua kwa makwapa.
Nguo za Magomeni hurudi safi, zinadai vifungo tu.
Za nyuma ya soko hurudi zimechanika msambani,
chumvi imechora ramani mgongoni.

Kwa hiyo Chausiku aliposema, Mama, nataka kusomea ngoma,
ungedhani nisingeuliza mara mbili.
Niliuliza. Tena niliuliza karatasi.

Usinicheke. Nimecheza mkwaju tangu nina miaka tisa,
na Bagamoyo hii wapigaji walinifuata mimi, si mimi wao.
Hoteli ilipotafuta wachezaji sita
yule bwana wa mezani hakutazama kiuno,
alitaka cheti.
Aliyepata alikuwa nacho, kina muhuri wa buluu,
akacheza kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Nikamshonea gauni. Akalipa nusu.
Tangu siku hiyo sisemi karatasi si kitu.
Ni kitu. Ina mlango wake.

Magomeni nilikaribishwa kiti chenye mto.
Ukutani fremu kumi na saba, nilizihesabu,
daraja la kwanza, la pili, la tatu, dhahabu pembeni.
"Nani anatahini?"
"Sisi wenyewe, mama. Kwa weledi mkubwa."
"Na mwaka jana walifeli wangapi?"
Bwana Lusekelo akatabasamu, akaniongezea soda.
"Hapa hafeli mtu."
Nikainywa. Ilikuwa tamu. Nikaaga.

Nyuma ya soko sakafu ni saruji yenye nyufa,
na Mwalimu Pazi ana goti linalolia kama bawaba.
Ukuta mtupu, ila kalenda ya duka la mbolea.
"Cheti chako kiko wapi?"
Akaingia ndani, akakawia hata nikadhani ametoroka,
akatoka na mfuko wa nailoni:
hati ya kiwanja, kadi ya kliniki ya mtoto,
na katikati yake stashahada, imekunjwa mara nne,
panya ameonja pembe.
"Mara ya kwanza nilifeli," akasema, sijamuuliza.
"Bega. Walisema bega langu linafika kabla ya ngoma."

Kisha akafungua daftari.
Majina, tarehe, mtahini aliyetoka nje ya shule.
Waliopita kumi na wawili. Waliorudia tisa,
na mbele ya kila mmoja, sababu:
kifundo. Pumzi. Anatazama chini.
Hausikilizi msondo, anausubiri.

Nililisoma daftari lile kama barua ya posa.
Chausiku yuko mlangoni, visigino vimeshaanza.

Ada ilinizidi. Tukapatana:
nitamshonea wanafunzi wake mpaka Juni,
uzi wangu, kitambaa chake.

Mtihani ulikuwa Novemba. Nikamkatia sketi ya kitenge,
ndani ya pindo nikaacha nyongeza ya vidole viwili,
maana mtoto hukua, na hatua nayo hudai nafasi.
Alirudi jua limeshazama, viatu mkononi,
na karatasi isiyo na dhahabu hata chembe:
"Mguu wa kushoto unadanganya. Arudie Machi."

Akalia. Uji hakuutaka.
Nikaisoma tena, polepole, herufi kwa herufi,
nikakumbuka ngazi, na giza, na gauni la nusu bei.
"Simama," nikamwambia. "Nionyeshe huo mguu."
Nikatoa sindano, nikakanyaga cherehani tupu
ikatoa mdundo wake wa chuma, tiki-tiki-ti, tiki-tiki-ti,
na mwanangu akacheza kati ya meza na kitanda.

Kulia, sawa. Kulia, sawa.
Kushoto, kweli, ulidanganya.
Mtahini yule simjui, hata sahihi yake haisomeki,
lakini tumeuona mguu mmoja.